Ukope Ndani ya Almasi

Mtu akimpelekea Bi Fundi pete, hakuwa akiipokea papo hapo. Aliiacha mkononi mwa mwenyewe, akasukuma lenzi yake ndogo nyeusi juu ya meza na kusema, "Tazama." Ukimwambia hujui kutazama, alikufundisha. Ukimwambia una haraka, alikwambia urudi siku ambayo huna haraka. Lenzi ilitakiwa iletwe karibu na jicho mpaka iguse kope, kisha jiwe ndilo lisogezwe, si kichwa. Jicho la pili alitaka libaki wazi, maana kwa maoni yake anayefumba jicho moja hutazama kwa uso mzima na mwisho haoni chochote. Mwanzo ulikuwa huoni ila mwanga unaorukaruka. Ukitulia, ulianza kuona ndani ya jiwe kama unavyoona ndani ya chumba chenye giza ukishakizoea, na hapo ndipo alipouliza, "Haya, unaona nini?"

Alichokuwa akikitaka ni doa. Karibu kila almasi inayotoka ardhini ina doa lake ndani: chembe, ufa mwembamba, kiwingu. Hakuna mawe mawili yenye doa moja. Bi Fundi alitaka mwenye jiwe alitafute doa hilo kwa jicho lake, alipe jina na alitamke, ndipo yeye alichukue jiwe kulifanyia kazi. Jirani yetu mmoja aliona chembe ya chumvi. Mwalimu mmoja wa jiografia aliapa kwamba ameona kisiwa cha Pemba, tukamcheka mpaka akakasirika. "Siku utakayokuja kuchukua," Bi Fundi alimwambia, "utaitafuta Pemba yako. Ukiikuta, jiwe ndilo. Usipoikuta, nikamate hapa hapa."

Watu wa nje huenda wasielewe kwa nini utaratibu huo ulipendwa. Kwa wanawake wa Mji Mkongwe, kuibiwa dhahabu ni msiba, lakini kubadilishiwa jiwe ni fedheha. Aliyeibiwa anapewa pole. Aliyebadilishiwa anachekwa, kwa kuwa ameivaa pete yake harusi baada ya harusi huku wenzake wanajua. Kwa hiyo fundi wa vito ana mtaji mmoja tu, nao ni kuaminiwa, na Bi Fundi aliupata mtaji huo kwa kuwakataza watu wasimwamini. Nimeanza na jambo hili makusudi, kwa sababu wengi siku hizi wanamkumbuka kwa pete moja tu, ambayo mwenyewe alirudi, akatazama, na doa lake hakuliona.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Katika mji huu ukishataja ukoo, mazungumzo hayamrudii tena mtu mwenyewe. Nitasema tu kwamba kwa miaka mingi alikaa ghorofa ya juu ya nyumba tunayokaa sisi, na kwamba kelele za tupa yake nimezisikia kuliko sauti ya shangazi yangu yeyote.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja kubwa na hakikuwa na taa juu ya meza. Taa alizichukia. Alisema zile taa za madukani, zinazopigwa juu ya vioo ili watalii wababaike, zinaweza kukifanya hata kigae cha chupa kiwe kito cha malkia. Kazi ya kutazama jiwe aliifanya asubuhi, dirishani, jiwe limelala kifudifudi juu ya karatasi nyeupe. Hapo rangi haijifichi. Jiwe zuri linakaa kama tone la maji; lenye umanjano unauona umanjano wake umejikusanya tumboni. Halafu alilipumulia. Almasi ukiipumulia, ukungu wa pumzi unaondoka kabla hujafunga mdomo, na kioo kinabaki na ukungu wake muda wa kutosha kukuaibisha. Niliwahi kumwona akilipumulia jiwe la bibi harusi mtarajiwa, akasubiri, akalipumulia tena, kisha akamuuliza taratibu, "Umepewa au umenunua?" Msichana akasema amepewa. "Basi ni zuri," alisema Bi Fundi, na hakuongeza neno. Kama angesema amenunua, naamini angeambiwa kweli yote.

Katika mambo ambayo watu huyatafuta kwa almasi, yaani ukubwa, usafi, rangi na mkato, yeye aliupa heshima mkato peke yake. Ukubwa aliuita mambo ya majirani. "Jiwe kubwa limekatwa vibaya," alipenda kusema, "ni sawa na chumba kikubwa hakina dirisha." Aliweza kuligeuza jiwe dogo la mtu asiye na kitu, akatikisa kichwa kwa mapenzi na kusema aliyelikata alikuwa na adabu. Na aliweza kulitazama jiwe la tajiri, kubwa kama punje ya mahindi, akalirudisha mezani kama mtu aliyepewa chai baridi.

Kuhusu kulipachika jiwe kwenye pete alikuwa na maswali ambayo hutayasikia kwa fundi mwingine yeyote. Hakuuliza unapenda mtindo gani. Aliuliza unakuna nazi kwa mkono upi. Aliuliza kama unafua mwenyewe, kama una mtoto mchanga, kama buibui lako ni la kitambaa chenye nyuzi za kukwama. Maana kuna namna mbili kubwa za kulishika jiwe, alivyotueleza. Kuna kucha, zile ncha za dhahabu zinazolibana juu, zinazoliacha wazi linywe mwanga kila upande, lakini zinakwama kila mahali na zinalika. Na kuna ukingo, dhahabu inayolizunguka jiwe lote, ambayo inapunguza mng'aro kidogo na kukuachia raha ya kupika. Wanawake wote walitaka kucha. Wengi walitoka na ukingo wakinung'unika, na baada ya mwaka walirudi kumshukuru. Jiwe lenye umanjano hakukubali kulitia katika dhahabu nyeupe hata ukilia. Alisema huko ni kulivua nguo mbele za watu.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa pete yenye almasi ndogo ambayo mume wangu aliinunua Dubai kwa majigambo makubwa. Nilimpelekea Bi Fundi aipunguze, akanisukumia lenzi. Niliona ndani yake mstari mweusi, mdogo, mbaya, uliokaa kama unywele kwenye sahani ya wali. Kwa wiki nzima sikuona kitu kingine. Nilimnunia mume wangu, naye hakujua kosa lake. Nilipopanda juu kulalamika, Bi Fundi hakunipa hata kiti. "Nilikwambia ulijue," alisema. "Sikukwambia ulichukie."

Kwa hivyo asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi. Aliwafukuza wateja kwa sababu ya manukato makali, aliwakatiza wazee katikati ya hadithi, na fundi mwenzake akimwonyesha kazi yake alinyamaza muda mrefu kuliko inavyostahimilika. Kusifu hakujua. Yeye mwenyewe hakuvaa dhahabu. Mikono yake ilijaa bangili za plastiki za soko la Darajani, za kijani na waridi, zilizogongana alipofanya kazi. Tulipomuuliza, alisema mpishi hali muda wote. Lakini mtu huyu aliyewalazimisha wote watazame madoa yao hakukubali kupigwa picha kabla ya kutia wanja, na picha isiyompendeza alikulazimisha uifute mbele yake. Alijipenda. Aliipenda zaidi kazi ya mkono wake, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokuja kumponza.

Kuna jambo jingine lililowashangaza watu: jiwe lisilo na doa hakulipokea. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye hoteli upande wa Bwejuu, na almasi ambayo kila aliyeitazama alisema haina kitu ndani, safi kabisa. Alitaka ipachikwe katika pete ya mkewe. Bi Fundi aliitazama asubuhi nzima. Mwisho alimrudishia na kumwomba radhi.

"Kwani ina nini?" aliuliza yule bwana.

"Haina kitu. Ndio ubaya wake. Kesho ukija ukanambia hili silo, mimi ntakuonyesha nini?"

Yule bwana alicheka, akamwambia yeye ni mtu mzima, hawezi kumsingizia mtu. Bi Fundi alimwambia hana shaka na hilo, na bado hakulichukua. Mashoga zake walimlaumu sana, hasa Bi Salma, aliyemwambia kwamba kukataa kazi safi namna ile ni kumkufuru Mungu.

Bi Salma lazima nimweleze. Alikuwa mjane, nyumba yake ilikuwa uchochoro wa pili kutoka kwetu, na kati yake na Bi Fundi hapakupita siku bila sahani iliyofunikwa kawa kubebwa: mikate ya mofa kwenda, samaki wa kupaka kurudi. Walikuwa wakigombana kila Ijumaa baada ya sala juu ya tamthilia wanayoitazama pamoja, nani muovu na nani kaonewa, na Bi Fundi, mwenye macho makavu kwa mawe ya watu, alilia kwa ajili ya waigizaji mpaka akatafuta leso. Bi Salma alikuwa na pete moja ya almasi. Mumewe aliileta kutoka Maskati walipooana. Alipofariki, Bi Salma aliiweka kabatini, kwa sababu kucha zake zilikuwa zimelika na aliogopa jiwe lisije likaanguka.

Binti yake alipopata mchumba, aliitoa. Alitaka kuivaa siku ya harusi, na alitaka jiwe lipachikwe upya. Nilikuwepo alipoileta. Bi Fundi, ingawa alimjua kuliko ndugu yake, alimsukumia lenzi kama mtu mwingine yeyote.

"Ukope umeniingia kwenye lenzi yako," alisema Bi Salma baada ya kuhangaika sana.

"Hebu pangusa."

Alipangusa, akatazama tena. "Bado upo."

"Basi umo ndani ya jiwe."

Tulicheka sana sote. Na kweli ulikuwa ukope mtupu: ufa mwembamba, mfupi, umepinda kidogo, uliokaa pembeni na kufika mpaka ukingoni mwa jiwe. Bi Salma alifurahi kuujua. Alisema mumewe alikuwa na kope ndefu kuliko za wanawake. Akaiacha pete, akaenda zake kushughulikia harusi.

Bi Fundi aliifanya kazi ile kuliko kazi yoyote niliyopata kumwona akiifanya. Alitengeneza kikalio kipya cha dhahabu, yaani kiti cha jiwe, na kucha nne nzito kidogo, na alipokuwa akilipachika jiwe aliligeuza mpaka ukope ukaja chini ya ukucha mmoja, akaulaza ukucha juu yake polepole kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Mafundi wazuri hufanya hivyo. Doa likikaa ukingoni, ukucha unalificha na pia unalilinda jiwe pale linapoweza kumegeka. Jiwe liligeuka likawa safi, liking'aa kama lilichotwa kisimani. Hakumwambia Bi Salma. Alitaka siku ya harusi mwenzake aione pete ile mkononi mwake na ashangae. Hayo alinambia mwenyewe baadaye, na aliposema alitazama pembeni.

Bi Salma alikuja kuichukua mbio mbio, hina bado mbichi mikononi, akamtaka Bi Fundi amvishe yeye.

"Tazama kwanza," Bi Fundi alimwambia.

"Na mikono hii? Watu wananisubiri. Mimi na wewe tena, shoga?"

Na Bi Fundi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimwacha mtu aondoke bila kutazama. Nadhani alikuwa akiitamani ile furaha ya baadaye kiasi cha kusahau kanuni yake.

Harusini, kama ilivyo ada, wanawake walikaa wakatazamana dhahabu. Mmoja wa wakwe, aliyewahi kufanya kazi katika duka la vito, aliushika mkono wa Bi Salma na kuigeuza pete huku na huku. "Mashallah," alisema, "jiwe safi hili. Halina kitu kabisa." Alikuwa anasifu. Lakini nilikuwa nimekaa karibu, nikamwona Bi Salma akiurudisha mkono wake mapajani na kutabasamu tabasamu la mtu aliyemwagikiwa na chai ya moto mbele ya wageni.

Siku hizi kuna almasi zinazopikwa kiwandani. Ni almasi kweli, hata kile kimashine cha madukani cha kupimia mawe kikizigusa kinaitikia kwamba ni almasi. Ni safi, ni nyingi, na thamani yake si kitu ukilinganisha na jiwe lililotoka ardhini. Habari hizo mji mzima ulikuwa unazijua, na Bi Fundi ndiye aliyetueleza. Ndiyo maana usafi wa lile jiwe haukumfurahisha Bi Salma. Ulimtia baridi.

Alikuja siku ya tatu. Mimi nilikuwa juu, nimempelekea Bi Fundi kipande cha keki ya harusi. Bi Salma hakukaa. Aliichukua lenzi mwenyewe mezani, akaenda dirishani, akatazama kwa muda mrefu sana, akafanya yote kama alivyofundishwa, jicho la pili wazi.

"Ukope wangu uko wapi?" aliuliza.

Bi Fundi alitabasamu. Masikini, alidhani ndiyo ile furaha aliyoingojea. "Upo chini ya ukucha. Nimekufichia. Umeona lilivyopendeza?"

"Nionyeshe."

"Hauonekani. Kwa juu pana ukucha, kwa chini kikalio."

"Basi unyanyue huo ukucha, niuone."

Bi Fundi aliichukua pete, akaitazama, na nikaona tabasamu linaondoka. "Nkiunyanyua litamegeka," alisema. "Ukope umefika ukingoni. Nlipokuwa nnaulaza nlikuwa sipumui. Kuulaza ilikuwa rahisi, kuunyanyua siwezi. Litamegeka hapa," na alipagusa kwa ukucha wa kidole chake.

"Kwa hivyo unataka nikuamini tu."

"Naam."

"Miaka yote unatwambia tusikuamini, tutazame. Leo ndio niamini?"

Bi Fundi aliiweka pete mezani. Bi Salma alikuwa anasema maneno ya Bi Fundi mwenyewe, moja baada ya jingine, na yalikuwa ya haki.

"Nimekosa," Bi Fundi alisema mwisho. "Ningekwambia kabla. Nlitaka upendeze."

"Basi fungua."

"Kakupa mumeo. Sivunji."

Bi Salma alivaa pete yake akashuka ngazi. Hakumtukana, hakupaza sauti. Lakini mofa hazikuja tena, na samaki wa kupaka aliyepelekwa Ijumaa ile alirudi na kawa lake, hakuguswa. Uchochoro uliliona likirudi, ukajumlisha na ile sifa ya harusini.

Mji huu haumfukuzi mtu. Unaacha tu kumpigia hodi. Hakuna aliyemwita Bi Fundi mwizi usoni mwake. Wote walimwamkia, walimuuliza hali, na mawe yao wakayapeleka kwingine. Tupa niliyoizoea ikawa inasikika mara moja moja, halafu siku nyingi haisikiki. Nilikasirika kwa niaba yake, na hasira yangu nyingine nilimwelekezea yeye. Nilimwambia aifungue ile pete, imegeke, watu waone ukope, mambo yaishe. Ningekuwa mimi ningeifungua siku hiyo hiyo.

"Jina langu lipone kwa jiwe lake?" aliniuliza.

"Ni jiwe tu, Bi Fundi."

"Si jiwe tu. Hata wewe hujui kusema uongo vizuri."

Kuna kitu kimoja kilichokuwa kinanisumbua, na nilikaa nacho muda mrefu kabla ya kukielewa. Bi Salma angeweza kuipeleka pete kwa sonara mwingine yeyote akaifungue. Hakuipeleka. Kama aliamini kweli kwamba lile ni jiwe la kiwandani, angeogopa nini kulimega? Na aliivaa kila siku, hata sokoni, mkono ameukunja kifuani kama mwenye kidonda. Mtu huyo alikuwa anaamini na haamini, na nadhani hali hiyo inachosha kuliko kudhulumiwa waziwazi. Wote wawili nilikuwa nikiwaonea huruma, na wote wawili nilitamani kuwatikisa.

Baadaye magoti ya Bi Fundi yalizikataa ngazi zetu, na binti yake akamchukua kwenda kukaa naye Tunguu, nje ya mji. Mimi nafanya kazi ofisini kwenye chuo kikuu huko, kwa hiyo nilipata bahati ya kumwona mara nyingi wakati wa mapumziko ya mchana. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, akawa anajisifu kwamba sasa anaona vizuri kuliko mimi. Zana zake chache alikuwa nazo katika kijaluba cha bati. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa anarekebisha vipini vya pua na herini za majirani, na kuwauliza wanakuna nazi kwa mkono upi. Habari za mjini hakuuliza, ila kila nilipoaga aliniuliza kama watu wa uchochoroni wazima, na uchochoro wenyewe hakuutaja ni upi.

Asubuhi moja Bi Salma alinipigia simu. "Ukenda Tunguu nipitie," alisema. Nilimpitia kwa gari. Njiani alikuwa akinilaumu tu kwa mkanda wa kiti unaomkaba.

Tulimkuta Bi Fundi barazani nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mwanga na miwani yake mipya. Walipeana mikono. Waliulizana hali za watoto, wajukuu, presha na sukari, mpaka hakukubaki mtu wa kuuliziwa. Halafu Bi Salma aliivua pete, kwa tabu kidogo, akaiweka mezani mbele yake.

"Fungua," alisema.

"Nshakwambia litamegeka."

"Nshasikia. Fungua."

"Kwani leo kuna nini?"

Bi Salma alitazama chini. Nilimwona anatafuta maneno, naye ni mtu asiyepungukiwa na maneno. "Nimelinda hili jiwe kwa sababu ya alonipa," alisema. "Alonipa keshakwenda zake, Mungu amrehemu. Weye bado upo, na mie nakaa peke yangu Ijumaa nnatazama tamthilia sijui niuchukie upande gani. Fungua, limegeke. Nkiuona ukope ntakuomba radhi. Nsipouona ntajua. Lakini nimechoka kutojua."

Bi Fundi aliivuta leso nyeupe akaitandaza, akafungua kijaluba, akachagua kipatasi chembamba. Alivua bangili zake zote za plastiki na kunipa nishike. Alipoinama sikuiona tena ile pete, niliona mgongo wake tu, na sauti ya chuma juu ya dhahabu, ndogo mno, inakuja na kukatika. Ukucha ulianza kunyanyuka. Kisha tulisikia mlio, mfupi na mkavu, na Bi Fundi akafumba macho.

Juu ya leso palikuwa na kipande kama punje ya sukari.

Bi Salma alichukua lenzi. Alilitazama jiwe, pale lilipokuwa na pengo, akaligeuza, akalitazama tena. "Ukope haumo," alisema. Aliinamia ile punje kwenye leso, lakini nayo ilikuwa imesagika. Ufa ulipopasuka ulikuwa umekwisha, hapakuwa na doa tena upande wowote, palikuwa na pengo tu. Nilitaka kulia. Miaka yote ile, na sasa jiwe limeharibika na ushahidi umekwenda nalo.

Bi Fundi hakujitetea. Alikuwa analitazama lile pengo, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hakuwa anatafuta leso. "Nimekuvunjia," alisema. "Nisamehe, nimekuvunjia la mumeo."

Bi Salma aliiweka lenzi chini. Alipeleka kidole chake kwenye lile pengo, akapapasa taratibu.

"Siku ile ulinambia litamegeka wapi?" aliuliza.

"Hapo."

"Hapa hapa?"

"Hapo hapo ulipogusa."

Bi Salma alivuta pumzi, ndefu, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo. "Basi ndilo langu," alisema, na akaivaa pete na pengo lake, ukucha umesimama juu.

"Ivue," alisema Bi Fundi huku analia. "Ukucha ukisimama hivyo utakwama kwenye nguo. Ivue nikutengenezee."

Bi Salma alimshika mkono, akakataa kuivua.